Rangi ya Mkono wa Zaina

Mimi ni mchora vibao, na ugonjwa wangu ulionekana kwanza kwenye kazi yangu kabla sijauona mwilini. Watu huniuliza, "Papa Amisi, ulijua je?" wakingoja habari ya homa au ya maumivu. Homa sikuwa nayo. Hakuna kilichoniuma hata kidogo, na shida yenyewe ilikuwa hapo.

Mtu wa kazi yangu akishika brashi, kidole chake cha mwisho hakikai bure. Tunakiegemeza ukutani ili mkono usitetemeke, na kidole hicho ndicho kinachotuambia kama herufi ya jana imekauka au bado ni mbichi. Nimechora hivyo miaka kumi na tisa: saluni, maduka ya dawa, shule, hata milango ya makanisa ingawa mimi ni Mwislamu. Ukitembea Mangobo, mtaa wetu, hutapita njia tatu bila kukutana na mkono wangu. Basi mwaka ule, mvua zilipoanza, wateja wakaanza kulalamika kwamba herufi zangu zina mkia. Mwenye saluni mmoja aliniita akanionyesha neno "coiffure" likiwa na alama ya kidole toka mwanzo mpaka mwisho, kama konokono amepita juu yake. Nikaapa kwamba kuna mpumbavu aliyegusa. Nilipofika nyumbani nikaona rangi nyeusi imeganda kwenye kidole changu mwenyewe, toka ukucha mpaka kifundo, wala sikuwa nimesikia ubichi wake. Nikakisugua kwa petroli mpaka kikatakata.

Kwenye mkono huo huo, chini kidogo ya kiwiko, nilikuwa na baka lililopauka. Mke wangu Zaina aliniambia kuwa mgongoni nina mengine sita au saba. Hatukuhangaika. Zaina siku hizo alikuwa akijipaka mafuta ya kung'arisha ngozi, yale ya kopo lenye picha ya mwanamke wa rangi ya papai, na taulo letu lilikuwa moja. Tukakata shauri kwamba mafuta yake yamehamia kwangu.

"Papa Mariamu," alinitania, maana binti yetu ni Mariamu, "kama unataka kuwa muzuri, sema tu. Mi nitakuuzia kopo yako."

Nilicheka. Tulicheka hivyo miezi minane, na kila nikikumbuka kicheko kile najiona mjinga.

Kuna siku nilipita kwenye zahanati moja karibu na soko. Muuguzi wa pale alikuwa mtu mwenye adabu, alinipa kiti, akatoa kitabu na kukifungua kwenye picha ya mgongo wa Mzungu wenye mabaka mekundu. Akatazama picha, akatazama mkono wangu, akarudi kwenye picha.

"Hapa haiko rouge, papa," akasema, maana yake wekundu hakuuona. "Bon, iko mycose tu."

Fangasi, basi. Akanipa pomada yake, nikajipaka mpaka ikaisha. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Alifuata kitabu, na kitabu hakikuwa kimeandikwa kwa ajili ya mtu kama mimi.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Mwezi huo huo nilipewa kazi ya kuchora ukuta wa kituo cha afya cha mtaa wetu. Walinipa karatasi iliyochapwa vizuri, habari ya ukoma, wakaniambia niinakili. Nilichanganya nyeupe na nyekundu kidogo, nikachora Mzungu mmoja kifua wazi mwenye mabaka matatu mekundu kama nyanya, na chini yake nikaandika kwa herufi kubwa: UKIONA HIVI, UKUJE HAPA. Mkono uliokuwa ukiandika maneno hayo ulikuwa na ukoma. Nilishuka kwenye ngazi, nikarudi nyuma hatua tano, nikaipenda kazi yangu, nikaenda nyumbani kula.

Baada ya muda kituo kikapata muuguzi mkuu mpya, Mama Odette, binti wa wavuvi wa Yanonge, mwanamke mfupi mwenye viatu vya plastiki na sauti ya kuita mtumbwi ng'ambo ya mto. Siku ya kwanza alisimama mbele ya ule ukuta akauliza, ili benchi lote la wagonjwa lisikie, "Nani alichora huu muzungu kwenye ukuta yangu?" Wakaniitia. Nikaenda kifua mbele, nikidhani nimepata kazi nyingine.

"Ni weye?"

"Ni mimi, mama."

"Umechora muzuri. Sasa uniambie, mu Mangobo yote umeona mutu wa namna hii wapi?"

Nikajitetea kwamba nilinakili karatasi.

"Na karatasi ilitoka wapi?"

"Sijui, mama. Poto, labda." Poto ndiyo Ulaya, kwa sisi tunaochanganya Kiswahili na Lingala.

"Alors, muzungu akipata ule maladi, atatoka Poto kuja kutazama ukuta ya Mangobo?"

Benchi zima likacheka, na mimi nikacheka pamoja nao, nikainua mkono kumwonyesha mahali ambapo rangi ilikuwa imeanza kubanduka. Mama Odette hakuwa anacheka tena. Alikuwa anatazama kidole changu cha mwisho, ambacho kilikuwa kimejikunja kidogo na kina rangi ya asubuhi ile.

"Hii rangi iko mubichi," akasema kwa sauti ndogo. "Hauisikie?"

Akanipeleka ndani, akafunga mlango, akaniambia nivue shati. Akachukua pamba, akaivuta mpaka ikawa uzi.

"Funga macho. Pale nitakugusa, onyesha na kidole."

Nikafumba macho. Nikasubiri. Nje nilisikia mtoto akikohoa na mtu anauza mikate. Mwishowe nikachoka.

"Mama, anza basi."

"Nimesha kumaliza, papa Amisi."

Sijawahi kusikia maneno mepesi namna ile yakianguka kwa uzito namna ile. Kisha akanipapasa nyuma ya kiwiko, akakuta mshipa mgumu, akarudi kwenye kiti chake na kunitazama usoni.

"Iko bukoma. Lèpre. Inapona, na dawa yake haiuzwe. Madoa nitayaondoa, ile nakuahidi. Kidole siwezi kukuahidi. Kama ungekuja mwaka jana, ningekuahidi."

Neno hilo kwetu ni zito. Wazee wetu walisimulia kambi za zamani kando ya mto, ambako mwenye ukoma alipelekwa kwa mtumbwi na nyumba yake ikafungwa. Na Mzungu aliyepata ugonjwa huo huo, walisema, alisafirishwa kwao akatibiwe. Lakini siku ile sikufikiria kambi. Nilifikiria kidole. Fundi asiyekuwa na kidole cha kuegemea ni mtu anayepaka kuta tu, na kazi nyingine sijui.

Dawa huja katika pakiti moja kwa mwezi, sisi tunaiita plaketi, na mimi nilitakiwa kumaliza kumi na mbili. Vidonge vya kwanza vya kila plaketi unavimeza mbele ya muuguzi, vingine unakwenda navyo nyumbani. Siku ile ya kwanza Mama Odette alinionya kwamba mkojo utakuwa mwekundu. Nilimwitikia, nikasahau, na jioni nikapiga kelele chooni mpaka mama yangu mzazi akaja mbio na ufagio akidhani ni nyoka. Wewe unayeanza leo, kumbuka: ni dawa, si damu, na unapita siku ile ile.

Kitu ambacho hakikupita upesi ni weusi. Kufika plaketi ya tatu ngozi yangu ilikuwa imeiva ikawa kama sufuria ya maharage, na majirani wakaanza kuniuliza kama nimehamia kwenye machimbo. Zaina naye alizidi kung'aa kwa mafuta yake. Tulikuwa watu wawili katika kitanda kimoja, mmoja anapanda mto, mwingine anateremka.

Mama Odette alitakiwa kuwapima watu wote wa nyumba yangu. Na hapa nataka nimsifu bila kujizuia, kwa sababu wauguzi wengi wangekuja na koti jeupe la kazi, na kabla ya magharibi mtaa mzima ungejua. Yeye alikuja amefunga kitenge, akasimama uani na kusema kwa ile sauti yake kwamba amekuja kuagiza kibao cha duka la dada yake, aonyeshwe rangi. Akaingia ndani, akafunga mlango, akampima mama yangu, akampima Mariamu, akawaona wazima. Alipofika kwa Zaina akageuza mikono yake kwenye mwanga wa dirisha, mara moja, mara mbili, kisha akaiachia.

"Weye, mama Mariamu, siwezi kukusoma."

"Kwani ngozi iko kitabu?"

"Kwangu iko kitabu. Na weye umepaka chokaa juu ya maandishi. Acha mafuta miezi tatu, halafu ukuje na ngozi ile mama yako alikupa."

Zaina alienda jikoni, na sufuria zikaanza kulia.

Siri haikukaa, pamoja na werevu wote ule. Wiki mbili baadaye alikuja Shabani, kaka yake Zaina, anayeuza vipuri vya baiskeli kule Kabondo. Alikataa kiti. Mama Odette alikuwa amekuja kutazama mkono wangu na nilikuwa nakula lituma, ndizi zetu zile za kuponda, kwa pondu, yaani kisamvu.

"Zaina, kusanya vitu yako," Shabani akasema akiwa mlangoni. "Mutoto abakie na bibi yake kama anataka. Weye unakuja kwetu."

Mama Odette alinawa, akanyoosha mkono, akakata tonge kwenye sahani yangu, pale pale nilipokuwa nimekata mimi, akachovya kwenye pondu yangu, akatafuna polepole huku akimtazama.

"Akiko na dawa, hawezi kuambukiza mutu," akasema. "Mi nakula naye. Ukuje ukule."

"Weye ni munganga, mama," Shabani akajibu. "Damu yenu iko nguvu."

Zaina akaondoka naye. Alibeba mfuko mmoja na vikopo vyake. Niliumia, na nilikasirika vilevile. Usiniambie habari ya subira. Mke wako akipita mlangoni kwa sababu yako, subira hukai nayo. Mama Odette alimaliza kula nami, akaosha sahani yetu hiyo moja katika beseni, akaniuliza kama leo nimeloweka kidole kwenye maji kama alivyoniagiza.

Baada ya hapo maisha yangu yakawa benchi. Kila mwanzo wa plaketi nilikaa kwenye benchi la kituo na wenzangu, wengine kutoka mitaa ya karibu, wengine wameshuka na malori kutoka upande wa Banalia na magunia yao, kila mtu ameacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na jirani. Asubuhi, kabla ya kuita majina, Mama Odette alitufundisha. Alikuwa na kitabu kikubwa cha picha cha kusimamisha mezani, na kila akifika kwenye picha ya ngozi nyeupe aliigeuza haraka. "Huyu tumuache, haiko wa kwetu." Halafu anapandisha mkono wa nguo yake. "Mutazame hapa. Kwa sisi doa haikuji nyekundu kila mara. Inapauka, kama vumbi yenye haitoke na maji. Haiwashe. Haiume. Ile kitu yenye haiume, muiogope." Alisema hivyo kila asubuhi na nguvu zile zile, hata benchi likiwa na watu watatu.

Siku moja, plaketi ya tano, mvua ilinizuia pale na tukabaki wawili. Nikamuuliza kwa nini picha zinamuudhi hivyo. Akaniambia kwamba katika shule ya uuguzi kitabu chao cha ngozi kilikuwa na ngozi moja tu toka mwanzo mpaka mwisho. Alipoanza kazi, kwenye kituo kidogo barabara ya Banalia, alikuja mama mmoja mkulima mwenye mabaka yaliyopauka.

"Nikatafuta rouge," akasema. "Nikatafuta rouge juu ya ule ngozi nyeusi, papa Amisi, sawa vile mutu anatafuta samaki mu muti. Nikamupa pomada. Akarudi nyuma ya miaka mbili. Vidole ilikuwa imesha kwenda. Sikukuwa mujinga. Nilikuwa nasoma na macho ya wengine."

Nilimheshimu tangu siku ya lituma. Tangu siku hiyo ya mvua nilimpenda kama dada.

Plaketi ya sita haikufika kwa wakati. Sanduku lilikwama huko linakotoka, hatujui wapi, na tuliambiwa tungoje. Mama Odette hakungoja. Alipanda pikipiki katika tope la msimu ule mpaka kwenye kituo kimoja barabara ya Banalia kilichokuwa na akiba, akarudi kesho yake na matope mpaka magotini, na plaketi zetu zimefungwa kwenye plastiki ndani ya kilemba chake. "Mvua ingelowanisha mufuko," akatueleza, "lakini kichwa yangu mi naichunga."

Ramadhani ilinikuta na plaketi ya saba na dawa nyingine juu yake, maana mshipa wa kiwiko ulivimba ukaanza kuniuma, mimi niliyekuwa nikililia maumivu. Dawa hiyo inajaza uso. Nilikuwa na mashavu ya mtoto mchanga na njaa ya wapasua mbao. Sikuweza kufunga. Kula mchana wa Ramadhani ukiwa mtu mzima mwenye akili zako ni jambo linalokukwama kooni, hata shehe akikuruhusu. Mama yangu, ambaye amefunga tangu utoto wake, aliona ninavyogeukia ukuta na sahani yangu. Kuanzia siku iliyofuata alikuja na tasbihi yake, akaketi mbele yangu kila saa ya mchana niliyokula, asile, asinywe, ili tu nisile peke yangu.

Kidole nilikiloweka, nikakipaka mawese, nikakinyoosha juu ya paja asubuhi na jioni. Kufika plaketi ya nane kidole cha pete, ambacho nacho kilikuwa kimeanza kufa ganzi, kilikuwa kimerudi: nilisikia maji baridi nikapiga kelele kama siku ya mkojo. Cha mwisho kilirudi nusu. Kinanyooka, lakini ncha yake haijui rangi mbichi na rangi kavu. Nikajifunza kuegemeza mkono kwenye fimbo ya mwanzi niliyoifunga kitambaa nchani, na herufi zangu zikaacha kuwa na mkia. Kwa kweli ni nzuri, ingawa natumia muda mara mbili.

Zaina alirudi msimu wa mbinzo, viwavi vyetu vya kula. Nilikuwa uani nachemsha gundi, nikaona mwanamke ameingia na mfuko wa viwavi vilivyokauka kichwani, na nilichelewa kumtambua. Alikuwa na rangi yake ya siku ya ndoa.

"Nimerudi," akasema.

"Na mafuta?"

"Nimewachia muke wa Shabani. Ule hana kitu ya kusomwa." Akatua mfuko chini. "Kila nikimupa Shabani chai, alikuwa anafuta kikombe na shati yake. Ndugu yangu wa tumbo moja. Bon, nikajiuliza, kama ni kufutwa, si afadhali nifutwe kwangu?"

Mama yangu akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nililia, na sina haya kusema. Lakini kwa Mama Odette Zaina hakwenda. Alisema kesho, na kesho ikawa na kesho nyingine. Sikumsukuma. Tulikuwa tumepata amani mpya na niliogopa kuigusa.

Nilipoanza plaketi ya kumi, Mama Odette aliniambia kwamba wakati umefika. "Ule muzungu arudi kwao. Unichore batu ya Mangobo, watu wa hapa."

Nikakwangua ukuta kwa furaha. Ilipofika kuchanganya rangi ndipo nikagundua kwamba rangi hiyo sina. Miaka kumi na tisa nilikuwa na mkebe mmoja wa ngozi za watu, nao ulikuwa wa rangi ya papai, kwa sababu wateja wa saluni hawataki nyingine. Hata Zaina mwenyewe. Tulipokuwa wachumba nilimchora kwenye kibao cha saluni ya binamu yake, naye alisimama nyuma yangu akisema, "Punguza weusi. Punguza tena," mpaka nilipomaliza, kilichobaki chake kilikuwa pua. Rangi ya mtu wa Mangobo sikuwahi kuitafuta. Ngozi yangu mwenyewe haikufaa kuwa kielelezo, kwa kuwa dawa ilikuwa imeipika. Nikamwomba Zaina anikalie.

Ilikuwa asubuhi, maharage yako motoni, jua limefika uani. Akaweka mkono wake wa kushoto juu ya stuli, na ile bangili ya fedha ya bibi yake ambayo haivui. Nilichanganya kahawia, nyekundu kidogo, njano kidogo, tone la buluu. Njia yangu ya kujua kama rangi ni sawa ni kuweka tone juu ya kitu chenyewe: likipotea machoni, umefika. Niliweka tone kwenye mgongo wa kiganja, nikaongeza njano, nikaweka jingine, likapotea. Nikafurahi kama aliyepata mtoto. Nikapanda nalo mkononi, tone baada ya tone, yote yakapotea, mpaka karibu na kiwiko. Hapo tone moja likakataa. Lilionekana jeusi.

Nilidhani nimekosea mchanganyiko. Nikafuta kwa kitambaa. Mahali palikuwa padogo kama kifuniko cha soda, pamepauka kidogo tu. Tungekuwa bado na vile vikopo, macho yoyote yangepita juu yake.

"Ni mafuta yanamalizika," Zaina akasema.

Nikachukua brashi safi, nikaichovya kwenye maji baridi ya mtungi.

"Mama Mariamu, funga macho. Ukisikia nakugusa, onyesha na kidole."

Akafumba, akatabasamu kwa sababu alidhani ni mchezo. Nikamgusa. Nikamgusa tena, nikasukuma brashi mpaka maji yakatiririka.

"Papa Mariamu," akasema, macho yamefumbwa, "anza basi. Maharage itaungua."

Sikuweza kumjibu yale niliyojibiwa mimi. Alifumbua macho, akaona brashi imesimama juu ya mkono wake na tone linashuka kuelekea kwenye bangili, akanitazama usoni, akaelewa. Hakupiga kelele. Aliepua sufuria, akafunga kitenge cha pili, akavaa viatu.

"Twende," akasema.

Tulikwenda kwa miguu. Alikaa kwenye benchi langu, na mimi nikakaa karibu naye bila kuacha nafasi, tukangoja kama wengine. Mama Odette alimtazama mkono wote, mgongo, miguu, akapapasa viwiko, akachukua pamba yake. Alichukua muda mrefu kuliko alivyochukua kwangu. Kisha akaketi.

"Iko moja tu," akasema. "Mushipa iko muzima. Umekuja mapema, mama Mariamu, na umekuja na ngozi yako." Akachukua mikono ya Zaina, yote miwili, akaifunika na yake. "Weye nakuahidi. Mikono mbili, vidole kumi."

Kwake zilikuwa plaketi sita tu. Mkojo mwekundu ulimchekesha, weusi ulimpata na yeye, akawa anapita nao mtaani kichwa juu. Amemaliza sasa, na mimi nimemaliza. Vidole vyake kumi vinasuka nywele za Mariamu kila Ijumaa, na kidole changu kimoja bado hakijui rangi mbichi. Tofauti kati yetu ni muda, na muda huo nilipotezewa na picha ambayo hata mimi niliichora. Ndiyo sababu nimeandika haya. Chukua taa, mwite mtu wa nyumbani mwako, mtazamane migongo. Msitafute wekundu.

Siku chache baada ya Zaina kupimwa nilirudi kwenye ukuta, naye akafuatana nami. Mwanamume mwenye mgongo wangu nilikuwa nimeshamchora. Ulibaki mkono wa mwanamke, na watu wa benchi walikuwa wamegeuka kunitazama nikifanya kazi. Rangi ilikuwa ile ile ya uani. Nilichora vidole, nikapanda mpaka kiwiko, nikaacha nafasi ya baka, na mahali pa bangili nikapita bila kuchora kitu. Mangobo yote inaijua bangili ile.

Zaina alikuwa nyuma yangu, kama siku ile ya kibao cha saluni.

"Umesahau bangili," akasema.

"Batu batakujua, mama Mariamu."

"Weka bangili." Akasogea karibu, akanyoosha mkono wake kando ya ule wa ukutani, akaulinganisha. "Na rangi usipunguze."

Nikaegemeza fimbo, nikachovya brashi kwenye rangi ya fedha.